Mpangaji alilipa miezi sita kisha akanitoroka: huyu anayekuja nimchunguzeje?

Swali

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Gungu hapa Kigoma. Nyumba yangu ina sehemu mbili: moja nakaa mwenyewe, nyingine ya vyumba viwili, sebule na choo cha ndani naipangisha kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Mita ya umeme ya LUKU ni moja. Mpangaji aliyepita aliletwa na dalali, akalipa miezi sita kwa mkupuo, nikamwona mtu wa maana. Miezi sita ilipokwisha akaanza ahadi, akakaa mitano mingine bila kulipa, kisha akahama usiku na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Sasa wamekuja watatu: mama anayeuza dagaa Kibirizi, kijana mwenye mkataba kwenye mradi wa shirika, na baba mwenye familia anayesema kwao ni Kibondo, ila ndugu zangu wanadai lafudhi yake ni ya ng'ambo ya mpaka. Dalali ananihimiza nimpe yeyote atakayelipa mwaka mzima. Ndugu wanasema nisimpe asiye na mshahara. Nimchunguzeje mtu nisiyemjua bila kumdhalilisha?"

Jibu

Shikamoo mwalimu, na pole kwa hasara hiyo. Miezi mitano kwa kodi yako ni shilingi 600,000, na kwa mtu anayeishi kwa pensheni hilo ni pengo kubwa. Nikielewa vizuri, hofu yako ni kwamba ulimsoma mtu vibaya mara moja na unaweza kumsoma vibaya tena. Sidhani ulimsoma vibaya. Nadhani ulipewa kipimo kibovu ukakiamini, na dalali anakushauri utumie kipimo kilekile, safari hii kikubwa zaidi.

Kipimo hicho ni malipo ya mkupuo. Mtu akikuletea 720,000 siku ya kwanza, amekuthibitishia kwamba siku hiyo alikuwa nayo, basi. Inaweza kuwa posho ya uhamisho, kiinua mgongo cha kazi iliyokwisha, kiwanja alichouza, mchezo aliocheza na wenzake zamu yake ikafika, au mkopo. Fedha za namna hiyo huja mara moja na hazirudi mwezi wa saba. Unachotaka kujua wewe ni kama kuna mkondo, yaani fedha inayoingia mara kwa mara na ambayo kodi yako itaweza kukatwa humo bila nyumba ya mpangaji kulala njaa.

Liko jambo jingine ambalo wenye nyumba wengi hawalioni. Mkataba wa miezi sita kwa mkupuo wenyewe huzalisha wadaiwa. Mtu mwenye uwezo wa kutoa 120,000 kila mwezi bila shida hana lazima ya kuwa na 720,000 kwa siku moja. Mwezi wa saba unapofika anatakiwa kutoa fungu zima, hana, anaona aibu kuleta 120,000 peke yake, na wewe nawe unamwambia "kusanya ulete yote". Mwezi wa nane deni ni kubwa kuliko uwezo wake, na hapo ndipo watu huanza kupita uchochoro wa nyuma wakisikia sauti ya mwenye nyumba. Siwezi kujua kama mpangaji wako alikuwa tapeli au mtu aliyezidiwa. Ila angekuwa analipa kila mwezi, ungegundua kasoro katika wiki ya kwanza ya mwezi wa kwanza uliokosekana, na hasara ingeishia mwezi mmoja au miwili.

Kuhusu dalali, usimchukie, lakini elewa anavyolipwa. Desturi ni kwamba anachukua kodi ya mwezi mmoja mpangaji anapoingia, na biashara yake na wewe inaishia mlangoni. Akikuletea mtu mbaya anayeondoka baada ya mwaka, atapata fursa ya kulipwa tena kwa kuleta mwingine. Mwache atafute watu, hiyo kazi anaiweza. Kuchunguza ni kazi yako.

Sasa tuje kwenye kuchunguza. Mambo ya kujua ni manne: je, ni yeye kweli, fedha yake inaingiaje na lini, alikaaje alikotoka, na ataishi vipi hapo kwako. Waulize wote watatu maswali yaleyale, kwa utaratibu uleule. Hapo ndipo suala la kudhalilisha linapoisha, kwa sababu mtu hudhalilika anapoona anahojiwa yeye wakati mwenzake alipitishwa. Waambie mwanzoni kabisa: "Huu ni utaratibu wa nyumba hii, kila anayekuja anaupitia." Mtu mwenye nia njema atakuelewa, na wengine watafurahi kwa sababu nao wanaogopa wenye nyumba wasio na utaratibu.

Kwanza utambulisho. Omba kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA. Wapo wengi wenye namba bila kadi, na hilo peke yake si dosari. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu wa makamo akikupa namba inayoanza na 2003, simama hapo. Mwulize umri wake kabla hujaitazama namba.

Kisha simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mitandao ya fedha huonyesha jina la mwenye namba kabla muamala haujakamilika. Anza kana kwamba unamtumia shilingi 1,000, soma jina linalotokea, kisha sitisha. Likiwa tofauti na la kwenye kitambulisho, uliza kwa upole. Pengine laini ilisajiliwa kwa jina la mke au kaka, na jibu la kweli huja haraka bila kupindapinda. Fanya hivyo pia kwa namba ya kila mdhamini na kila mwenye nyumba wa zamani anayekutajia.

Omba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji anakotoka. Wengi huichukulia barua hii kama cheti cha tabia njema, na siyo. Inasema tu kwamba huyu anafahamika kule kama mkazi. Faida yake kubwa ni kwamba ina mhuri na namba ya mtu unayeweza kumpigia. Mpigie mwenyekiti au mtendaji aliyeisaini, msalimie, mwulize kama ameiandika, kisha nyamaza kidogo. Viongozi wa mitaa wanajua mengi ambayo hawayaandiki.

Ukimaliza kuchukua taarifa hizi, zifungie. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, iliyotungwa 2022, na nakala ya kitambulisho cha mtu haitakiwi kuzagaa. Usipige picha ukatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuuliza "mnamjua huyu?" Kwa wale utakaowakataa, warudishie nakala zao au uzichane mbele yao.

Sehemu ya pili, ya fedha, ndiyo ninayotaka tuitazame kwa kirefu, kwa sababu ushauri wa ndugu zako umejengwa hapo na una kasoro.

Wanasema mwenye mshahara ndiye salama. Mshahara ni mzuri kwa kuwa una tarehe, lakini takwimu ya juu kwenye hati ya mshahara haikuhusu. Tazama mstari wa chini, kile kinachobaki baada ya makato. Mtumishi wa umma anaweza kukatwa mikopo hadi akabaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo mtu wa 900,000 anaweza kuwa anaenda nyumbani na 300,000. Ukichukua 120,000 humo, amebaki na 180,000 ya chakula, nauli na ada. Juu ya hapo, mikopo ya mitaani ile inayoitwa kausha damu haionekani kwenye hati yoyote. Kipimo cha kawaida ni kwamba kodi isizidi theluthi ya fedha inayobaki mkononi. Kwa nyumba yako ina maana mtu abaki na 360,000 hivi kwa mwezi. Si sheria ya Mungu, asiye na watoto wa shule anaweza kubeba zaidi, lakini anayebaki na 200,000 atakusumbua hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Kijana wa mradi, basi, usimwulize "unalipwa ngapi" kisha ukaridhika. Omba barua ya mwajiri yenye jina, cheo, tarehe ya kuanza na, muhimu kuliko yote, tarehe ya mkataba kuisha. Miradi mingi ya mashirika mkoani kwetu inaendeshwa kwa bajeti ya mwaka mmoja mmoja, na mfadhili akijitoa watu huondolewa kwa notisi fupi. Barua ukiipata, nenda ofisini kwao mwenyewe au tafuta namba ya ofisi kwa njia yako. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye barua aliyoileta yeye, maana anayeghushi barua hashindwi kuweka namba ya rafiki yake. Mkataba wake wa kazi ukiisha Desemba, mkataba wako naye uishe Desemba, wenye kipengele cha kuongezwa akionyesha mkataba mpya wa kazi. Na kama shirika lenyewe ndilo litakalokuwa mpangaji badala yake, jiandae: litakata kodi ya zuio asilimia 10 kwenye kila malipo na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Dai cheti cha zuio, usije ukadhani umepunjwa.

Mama wa dagaa ni hesabu nyingine, na hapa mtu wa Kigoma ana nafasi kuliko mwenye nyumba wa mji mwingine, maana kalenda ya ziwa tunaijua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikua mitumbwi hupumzika siku kadhaa, na mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inapotua, hupoa. Fedha yake inaingia kwa mwendo wa mwezi wa angani, haifuati tarehe 30 ya kalenda ya ukutani. Ukimwekea kodi tarehe 1, kuna miezi itaangukia katikati ya giza, mfuko umejaa, na kuna miezi itaangukia mwishoni mwa mbalamwezi, akiwa amekula hadi mtaji. Utamwita msumbufu, kumbe umepanga siku vibaya. Kaa naye mkubaliane alipe kila baada ya giza, ndani ya siku tano tangu mbalamwezi ianze, na muandike hivyo kwenye mkataba. Kumbuka tu kwamba mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kwa mwaka kuna mizunguko 12 na siku kama 11 zinabaki. Andikeni wazi kwamba malipo ni 12 kwa mwaka, ili hizo siku za ziada zisije zikaleta ugomvi.

Swali la kumpima ni hili: "Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, uliishije?" Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo, miezi mitatu mizima. Mfanyabiashara wa kweli atakujibu kwa vitu vinavyoshikika: alikuwa ameweka magunia akayauza bei ilipopanda, au aligeukia mawese, au alifuata maharage Kasulu, au alikopa na hivi ndivyo alivyolipa. Asiye na biashara ya kweli atakujibu "Mungu alisaidia" na kuishia hapo. Mungu husaidia, lakini wewe uliza alisaidia kwa njia gani. Jibu lake litakuonyesha pia la kufanya siku nyingine ziwa likifungwa: mwekeane kipengele kwamba likitangazwa kufungwa, atatanguliza kodi ya mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, na inayobaki atalipa kwa mafungu mtakayokubaliana.

Halafu mwombe akuonyeshe miamala ya fedha kwenye simu yake ya miezi mitatu. Akuonyeshe, huna haja ya kuchukua nakala. Usihesabu jumla ya fedha zilizoingia, maana anayeuza dagaa wa milioni mbili anaweza kuwa amewanunua kwa milioni moja na laki nane. Tazama kama fedha huingia kila giza, kutoka kwa watu walewale, na kama salio huwa linafika sifuri kila mara. Mwulize anapeleka mizigo mingapi kwa giza moja, na kila mzigo ukishatoa bei ya kununua, usafiri na ushuru humwachia nini. Anayejua biashara yake hujibu bila kikokotoo. Na kumbuka mvua: dagaa wasiokauka vizuri huoza au huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa hiyo masika humbana zaidi kuliko kiangazi.

Hadi hapo, kama majibu yake yamenyooka na ana miaka kadhaa pale Kibirizi, mimi ningeanza na yeye. Mtu ambaye wateja wake, deni lake na jina lake vyote viko mwaloni hawezi kuhama usiku na kirikuu bila kupoteza biashara nzima. Kijana wa mradi anaweza kuhamishwa kesho, na halitakuwa kosa lake.

Nimfikie baba wa Kibondo. Mwalimu, hapa niseme waziwazi: lafudhi haithibitishi chochote. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani sana kiasi kwamba wasemaji wake huelewana, na Mtanzania aliyekulia Kibondo, Kakonko au Buhigwe atasikika hivyo hadi kufa kwake. Waha wameteseka vya kutosha kwa kuulizwa uraia wao kila kituo cha basi, tusiwaulize tena kwenye milango ya nyumba zetu. Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Muulize nyaraka zilezile ulizowauliza wale wawili. Akiwa na namba ya NIDA inayolingana na jina la laini na barua ya kijiji iliyothibitishwa kwa simu, suala limekwisha, na ndugu zako waambiwe hivyo.

Kama atakwambia yeye mwenyewe kwamba ni mgeni, bado hiyo si sababu ya kumfukuza. Mji wetu una wafanyabiashara Wakongo na Warundi wanaoishi kihalali. Hapo omba pasipoti na hati ya ukaazi, angalia tarehe ya mwisho, na upite Idara ya Uhamiaji uulize kama hati hiyo ni sahihi. Aliyepewa uraia, kama walivyopewa wengi wa wale waliokimbilia nchini mwaka 1972, ni raia kama wewe na ana cheti chake. Mkimbizi ni jambo tofauti: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aishi katika maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu, na kutoka huko kunahitaji kibali. Ukimpangisha bila kibali mnaingia matatani wote wawili. Ukiwa na shaka usikisie wala usimtishe. Mwambie "tupite Uhamiaji pamoja, tukitoka huko tunaandikishana."

Jambo la tatu, alikotoka. Watu humpigia mwenye nyumba wa sasa, na huyo ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Kama mpangaji ni msumbufu, mwenye nyumba wa sasa anatamani aondoke, kwa hiyo atamsifu. Kama ni mzuri, anaweza kumponda ili abaki. Mtafute mwenye nyumba wa kabla ya huyo, ambaye hana tena cha kupata wala kupoteza. Na usimpe majibu ndani ya swali. Ukisema "huyu mama alikaa kwako miaka miwili akilipa 80,000, sivyo?" hata shoga yake aliyepewa simu atasema ndiyo. Uliza: "Alikaa chumba kipi? Alikuwa analipa ngapi? Aliondoka mwezi gani, na kwa nini?" Mwenye nyumba wa uongo hukwama kwenye swali la pili. Kisha malizia na swali moja: "Akirudi leo, utampa chumba?" Ukisikia kimya kabla ya jibu, umepata jibu.

Kama alikuwa anaishi Ujiji, Mwanga au Katubuka, funga safari, ni nauli ya bodaboda tu. Fika umsalimie jirani, utazame amekaaje. Hutafuti umaskini wala utajiri. Unatazama kama choo kinatunzwa, kama majirani wanamtaja kwa jina, kama muuza duka wa jirani anamkopesha. Muuza duka akimkopesha mtu, ana rekodi yake kichwani nzuri kuliko ya benki.

Kwa asiyewahi kupanga, kama kijana aliyetoka kwao juzi, chukua mdhamini mwenye makazi ya kudumu hapa mjini, asaini kwenye mkataba kwamba atalipa hadi miezi miwili mpangaji akishindwa. Mdhamini asiyetajiwa kiasi ni pambo.

La nne ni maisha ya pamoja, na kwako ni umeme, maana mita ni moja. Usione haya kuuliza ana vifaa gani. Jiko la umeme la koili moja la wati 1,000 likiwaka saa moja linakula uniti moja. Akipikia saa mbili kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi. Wewe mwenyewe, kama unatumia kidogo, huenda uko kwenye daraja la bei nafuu la wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba mbili kwenye mita moja zenye friji na jiko hilo zitakutoa humo, na kila uniti itakuwa ghali kwenu wote wawili. Dawa ni kuweka mita ndogo upande wa mpangaji, fundi mwenye leseni aifunge, na mgawane kwa uniti zilizosomwa. Kugawana nusu kwa nusu huleta chuki hata kati ya ndugu. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Hiyo ni yako wewe mwenye jengo, kwa hiyo mwezi atakaonunua yeye, umrudishie au umpunguzie.

Idadi ya watu ulizeni na muandike. Baba wa familia aseme ni wangapi, na wageni wakikaa zaidi ya wiki mbili akuarifu. Yule asiye na mume au asiye na mke usimwongezee maswali kwa sababu hiyo. Wenye nyumba wengi hufanya hivyo, na hawajawahi kueleza inahusianaje na kodi.

Zipo dalili zinazonifanya niseme hapana bila kujali fedha. Anayetaka kuhamia usiku wa leo kabla hujapiga simu hata moja. Anayebadilisha maelezo ya kazi kati ya ziara ya kwanza na ya pili. Anayekataa kata kata kuonyesha kitambulisho lakini anaongeza bei. Kwa upande mwingine, anayekuuliza maswali, anayetaka kuona choo, anayedai risiti kwa kila shilingi, huyo mkaribishe. Wenye nyumba huwaona wasumbufu, lakini mtu anayetunza risiti anakusudia kulipa.

Ukishachagua, anza na mkataba wa miezi mitatu, kodi kila mwezi, pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja inayoandikwa mbali na kodi. Piga picha za kuta, vitasa, masinki na mabomba siku anayoingia, kila mmoja abaki na nakala. Fedha ipite kwenye simu au benki ili iache alama, na risiti utoe hata hivyo. Mkataba uende TRA kulipiwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Kwa nyumba yako haizidi 14,400. Usione ni gharama ya bure: mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi hadi ulipiwe pamoja na adhabu. Mpeleke mpangaji kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hiyohiyo aandikishwe kwenye daftari la wakazi.

Baada ya hapo uchunguzi unaendelea kwa miezi hiyo mitatu, kimyakimya. Kodi ikichelewa siku moja, tuma ujumbe wa kukumbusha, bila ukali. Siku ya saba, mwite mzungumze, na akiwa na nusu ipokee uandike risiti ya nusu. Hapo ndipo penye tofauti na ile "lete yote". Siku ya kumi na nne, barua. Mwezi ukitimia bila kitu, mkutane kwa mwenyekiti. Usingoje mwezi wa tano kwa sababu unamwonea huruma, na usitoe mlango, usikate umeme wala kutupa vyombo nje, hata ukiwa na hasira kiasi gani. Kufanya hivyo kunakugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Njia yake ni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa baadhi ya mambo, jibu la maandishi kama hili halitoshi. Ukiona kitambulisho au barua imeghushiwa, nenda polisi, usimalizane naye uani. Kama utapangisha kwa zaidi ya mwaka, au kwa shirika, mpe wakili aandike mkataba. Na kwa yule aliyekimbia na 600,000 zako, kusanya mkataba, risiti na jumbe zake za ahadi ulizonazo kwenye simu, hasa zile anazokiri deni, uende kwa wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Huduma yao haina malipo, na watakuambia kama inafaa kumfuata. Usizifute jumbe hizo hata simu ikijaa. Mpe mjukuu azipige picha na kuzihifadhi mahali pengine leo hii.